Kipindi cha "anayecheka anatoka" kihukumiwe kwa kanuni zake

Ndugu Mhariri,

Wasomaji wako wamekuwa wakivutana kuhusu kipindi cha LOL: Last One Laughing, kile ambacho wachekeshaji kumi wanafungiwa chumba kimoja kwa saa sita na anayecheka anatolewa. Upande mmoja unasema ni maigizo matupu, kwamba kila mtu amepangiwa saa ya kutoka. Wengine wanasema hawajavunjika mbavu namna ile kwa muda mrefu. Wapo pia wenye hasira zaidi, wanaouliza kichekesho chenyewe kiko wapi, maana wanachokiona ni watu wazima waliovaa mawigi na magauni wakitoleana macho. Sisi kazi yetu ni kukata picha na kunasa sauti za vipindi vya vichekesho. Kwa macho ya kazi hiyo tunaona kila upande umeshika kipande cha ukweli, na kinachokosekana ni maelezo ya namna kipindi kinavyotengenezwa. Tunaomba nafasi tuyatoe.

Chanzo chake ni Japani. Mwaka 2016 mchekeshaji Hitoshi Matsumoto alianzisha kipindi cha Documental kwenye huduma ya video ya Amazon. Kila aliyeingia alitoa yeni milioni moja mfukoni mwake, na fedha hizo ndizo zilizogombewa. Kadi za kumwadhibu anayecheka zilikuwa tatu: ya njano, ya chungwa, kisha nyekundu ya kumtoa. Mexico wakaiga mwaka 2018 chini ya Eugenio Derbez, Australia mwaka 2020 chini ya Rebel Wilson, na tarehe 1 Aprili 2021 Ujerumani na Italia wakazindua matoleo yao siku moja. Afrika ilifikiwa mwaka 2023, Nigeria, mwendesha kipindi akiwa Basketmouth, kisha Afrika Kusini mwaka 2024 na Trevor Noah. Uingereza walichelewa hadi Machi 2025. Pale Jimmy Carr ndiye aliyekaa kwenye kitufe cha kumkamata anayecheka, na aliyebaki mwisho ni Bob Mortimer, mzee wa miaka 65, akiwazidi wenzake walio wadogo kwake kwa miaka mingi.

Katika safari hiyo fedha zilibadilika tabia, na wanaodai watu wanajifanya kwa ajili ya zawadi wangelitazama jambo hili. Ujerumani mshindi hapati kitu mkononi. Euro 50,000 zinakwenda kwa shirika la hisani alilolichagua. Italia ni euro 100,000, nazo ni za hisani. Mchekeshaji anayetoka mapema anapoteza kitu kingine kabisa, yaani muda wa kuonekana. Akishapewa kadi nyekundu anahamia chumba cha mitambo kukaa na mwendesha kipindi, na kuanzia hapo yeye ni mtazamaji kama sisi. Ni vigumu kumshawishi mtu anayeishi kwa kuonekana akubali kuondoka dakika ya arobaini.

Tuje kwenye kicheko chenyewe, maana hapa ndipo ubishi ulipo mnene. Mtazamaji anasema: "Yule mama kasema tu 'nipe chumvi' na jamaa kaangua kicheko, huo si uongo?" Si uongo. Robert Provine, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Maryland, Baltimore County, pamoja na wanafunzi wake, alikusanya matukio 1,200 ya watu kucheka katika mazungumzo ya kawaida. Aligundua kwamba maneno yaliyotangulia kicheko yalikuwa na utani ndani yake kwa asilimia 10 hadi 20 tu. Sehemu kubwa ya vicheko ilifuata maneno makavu kabisa ya aina ya "haya, tutaonana". Aliona pia kwamba mtu akiwa na wenzake hucheka takriban mara 30 zaidi ya akiwa peke yake. Nasi nchini mwetu tuna ushahidi wetu. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya bweni ya Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka, na kicheko kikaenea hadi kuwashika 95 kati ya wanafunzi 159. Shule ilifungwa tarehe 18 Machi. Hakuna aliyesimulia kichekesho pale; waliochunguza waliona ni mfadhaiko uliotafuta njia ya kutokea. Kicheko ni cha kuambukizana, na ukikizuia kinatafuta upenyo mwembamba zaidi.

Ndiyo sababu saa sita zina maana. Saa ya kwanza watu wanatoa vichekesho walivyoviandaa nyumbani, na karibu vyote vinagonga mwamba, kwa kuwa kila mmoja ameshajiandaa kuvipokea. Wataalamu wenzao wanavijua vichekesho hivyo kuanzia mkunjo wa kwanza. Kuanzia saa ya tatu mwili umechoka kubana, na hapo kitu kidogo mno ndicho kinachoua: mtu kutamka neno vibaya, kiti kulia, mwenzako kutafuna karoti kwa uso mzito. Anayetazama kipande kifupi cha tukio hilo kwenye simu, bila zile saa tatu zilizotangulia, hana namna ya kuelewa kwa nini mtu kaanguka. Wanaouliza kichekesho kiko wapi wengi wao, kwa maoni yetu, wametazama vipande hivyo, tena peke yao na vipokea sauti masikioni. Kipindi hiki kinatazamwa sebuleni, watu wanne au watano.

Kuna sababu nyingine ya ubaridi huo. Mtazamaji wetu amezoea vichekesho vyenye ukumbi. Cheka Tu ya Dar es Salaam ina watu kwenye viti, Churchill Show ya Kenya vivyo hivyo, na kicheko cha ukumbi kinamwambia mtu aliye nyumbani wapi pa kucheka. Hata Ze Comedy, ambao hawakuwa na ukumbi, walikuwa wanacheza vituko vyenye mwanzo na mwisho, na Joti akitokea kama bibi ulijua mara moja umetakiwa ucheke. Ndani ya kile chumba cha saa sita kuna ukimya. Vicheko vinavyosikika ni vya chumba cha mitambo, vya mwendesha kipindi na wale walioshatolewa, navyo huongezeka kadiri watu wanavyotoka. Ukitazama kwa makini utaona vipande vya mwanzo ni vizito na vya mwisho vinachekesha zaidi, hata pale vituko vyenyewe vinapokuwa vya kiwango kilekile. Mwanzoni anayekuchekea ni mmoja. Mwishoni, wakibaki wawili, ni tisa.

Sasa, nini kinahesabiwa kuwa kicheko? Hapa wanaoshuku wana hoja, tena nzito. Kanuni inayotangazwa ni fupi: usicheke, na mahali pengine usitabasamu. Mwendesha kipindi anaangalia skrini, anabonyeza kitufe, king'ora kinalia, taa zinabadilika rangi, na marudio yanaonyeshwa kwenye skrini iliyo chumbani ili mkosaji ajione. Mara ya kwanza ni onyo la kadi ya njano, mara ya pili ni nyekundu. Lakini mpaka kati ya uso uliokunjamana na tabasamu uko kichwani mwa mtu mmoja, ambaye mara nyingi ni rafiki wa nusu ya waliomo. Mtazamaji akiona fulani kaonyesha meno na hakuitwa, kisha mwingine kaitwa kwa kuinua pembe ya mdomo tu, ni haki yake kunung'unika.

Mbinu za kujibana ni nyingi na zote zina kasoro. Wanaouma shavu kwa ndani wanaumia na baada ya saa mbili hawawezi tena. Wanaobana pumzi wanadanganyika, kwa sababu pumzi iliyobanwa lazima itoke, nayo hutoka kwa mkoromo mfupi puani ambao maiki ya kifuani inaunasa vizuri kuliko kamera inavyouona. Anayekunywa maji ili kujificha anajiweka kwenye hatari ya kuyarusha. Bora zaidi ni kuongea kwa sauti au kuimba, kwa kuwa misuli ya mdomo inapewa kazi nyingine. Kujifunika uso, kugeukia ukutani na kuinamia kikombe ndizo mbinu zinazopaswa kukatazwa waziwazi kabla saa haijaanza kuhesabu, na kukaa kimya kwenye kona pia, vinginevyo atashinda asiyefanya kitu. Waamuzi makini wanatazama macho. Tangu mwaka 1862 daktari Mfaransa Guillaume Duchenne alionyesha kwamba tabasamu la kweli linakunja msuli unaozunguka jicho, na msuli huo ni mgumu kuuamrisha kuliko wa mdomo. Mtu anaweza kuushika mdomo wake kwa muda mrefu. Jicho ndilo linalomsaliti.

Tukifika kwenye kukata picha, tuseme kweli bila kuwalinda wenzetu. Nyuso kumi kwa saa sita ni saa 60 za nyuso. Ukiongeza kamera mbili za chumba kizima unafika saa 72. Msimu unaotangazwa ni wa vipande vitano au sita vya takriban nusu saa, yaani saa tatu kwa makadirio ya juu. Mkata picha anapotaka kuonyesha namna watu walivyopokea kituko, ana kishawishi kikubwa cha kuchukua uso wa dakika nyingine kabisa na kuubandika pale, kwa kuwa uso uliotokea wakati ule ulikuwa umegeuka au kamera yake haikuwa na ukali. Hilo linafanyika kwenye vipindi vingi vya uhalisia duniani. Kwa vipindi vya mapenzi au mapishi madhara yake ni madogo. Kwa kipindi ambacho uso ndio mchezo wenyewe, ni sawa na kuhamisha goli. Mtazamaji anaweza kulikamata kwa kuangalia vitu vidogo: kiasi cha maji kwenye glasi, tai iliyolegezwa kisha ikakazwa tena, wigi lililovuliwa likarudi kichwani, au mtu aliyekwisha tolewa akionekana kwenye kona ya picha. Wanaosema "kuna kitu hakijakaa sawa" mara nyingi wameona mojawapo ya hayo bila kujua wamekiona. Lakini kuhamisha uso hakumaanishi kwamba matokeo yalipangwa. Ni uvivu wa kukata, nao unastahili kulaumiwa kwa jina lake.

Kuna lawama moja ambayo hatuna jibu lake zuri: kipindi hiki kinadai uwafahamu waliomo. Mjerumani amekua akimwona mchekeshaji Anke Engelke kwenye televisheni, kwa hiyo akimwona amekaa kimya anajua ukimya huo una nini ndani. Mtu wa Tabora hana akiba hiyo ya kumbukumbu. Kwake ni mwanamke aliyekaa kwenye sofa. Toleo la Nigeria liliwafikia Watanzania na Wakenya kwa urahisi zaidi kwa sababu filamu na vichekesho vya Nigeria tumevizoea kwa miaka, na bado Kipijini, Kiingereza chao cha mtaani, kikienda kasi wengi wetu tunabaki nyuma.

Na upo ubishi wa heshima, ambao hautakiwi kupuuzwa. Kule Japani toleo la kwanza lilijaa utupu na uchafu ambao matoleo ya nchi nyingine yaliuacha. Kabla ya hapo Matsumoto na mwenzake Masatoshi Hamada walikuwa na kipindi cha mkesha wa mwaka mpya cha kutocheka, kilichorushwa na Nippon TV kila mwaka kuanzia 2006 hadi 2020. Humo anayecheka alichapwa fimbo laini makalioni, kisha mchezo unaendelea. Tarehe 31 Desemba 2017 Hamada alitokea humo akiwa amejipaka uso rangi nyeusi kumuiga Eddie Murphy. Watazamaji waligawanyika vibaya: wapo walioona ni uigizaji wa kawaida, na wapo, wakiwemo watu weusi wanaoishi Japani, waliosema waziwazi kwamba linaumiza. Tunawaunga mkono hao wa pili. Kituko kinachotegemea rangi ya ngozi ya mtu kinamlenga mtu ambaye hayumo chumbani na hana kadi ya kumpa aliyemkosea.

Tunasema haya kwa kuwa vituo vyetu vitajaribu, na tungependa vijaribu. Januari 2024 Amazon ilisitisha kuagiza kazi mpya kutoka Afrika, hivyo tusikae tukisubiri toleo la Afrika Mashariki lije kutoka huko. Mwenye kutaka kutumia jina na muundo uleule atanunua haki zake. Lakini mchezo wa kumchekesha asiyetakiwa kucheka hauna mwenyewe, na sisi tunao wa kwetu. Mtani anayeingia msibani, akavaa nguo za marehemu, akaigiza alivyokuwa akitembea na kudai alipwe ndipo jeneza litoke, anafanya kazi ngumu kuliko yoyote iliyowahi kufanyika kwenye kile chumba. Mnyamwezi na Mzaramo, Mchaga na Mpare: wakae meza moja wakitaniana kwa haki ya utani, na kila mtazamaji atawafahamu hata kama hajawahi kuwaona. Hapo tatizo la kumbukumbu linapungua sana. Mipaka nayo inakuwepo tayari, maana mtani anajua asiyeruhusiwa kumgusa ni nani.

Kwa kituo chenye bajeti ya kawaida, wachukuliwe watu sita kwa saa tatu. Kila uso upate kamera yake isiyohama, na kamera ya saba ishike chumba kizima. Hizo ni saa 21 za picha. Kwa kasi ya megabiti 50 kwa sekunde, saa moja hula gigabaiti 22.5, kwa hiyo jumla ni karibu gigabaiti 473, na nakala ya pili lazima iwepo kwenye diski nyingine kabla mtu hajaondoka studio. Zisitumike kamera za picha za mnato zinazojizima zenyewe zikifika dakika 29 na sekunde 59. Mtu atacheka sekunde ya kamera kuzimika, na hakuna marudio yatakayoonyeshwa. Saa za ndani za kamera za bei nafuu huachana taratibu, na baada ya saa tatu mdomo na sauti vinaweza kupishana. Taa kali imulike mara moja kila baada ya dakika 30, kamera zote ziione, ili mkata picha awe na mahali pa kuzilinganisha bila kusimamisha mchezo.

Sauti ndiyo itakayowaumbua wengi. Kila mtu avae maiki yake, na kila maiki irekodiwe kwenye mkondo wake peke yake. Zikichanganywa zote palepale, chumba kitasikika kama pipa, na ule mkoromo wa puani hautajulikana ni wa nani. Kiyoyozi kinachonguruma hakifai, lakini kwa joto la Dar es Salaam taa zikiwaka saa tatu bila kiyoyozi watu watatokwa jasho, vipodozi vitamwagika na kamera ndogo zitazima kwa joto. Suluhisho ni kupoza chumba mapema kwa saa mbili, kisha kuwasha mashine kwa dakika tano kila saa moja, saa ya mchezo ikiwa imesimama na watazamaji wakionyeshwa kwamba imesimama. Jenereta iwekwe mbali na ukuta wa studio, na kamera ziwe na betri zake. Umeme ukikatika watu watacheka, hilo halina mjadala, kwa hiyo kanuni iseme mapema kama kicheko cha gizani kinahesabiwa.

Waamuzi wawe wawili, mmoja asiwe mchekeshaji kabisa, na wote wawili wakubaliane kabla ya kitufe kubonyezwa. Maana ya kicheko ielezwe kwa maandishi yanayosomeka kwenye kioo mwanzo wa kila kipande: sauti yoyote ya kicheko hata ya puani, meno kuonekana pasipo kuongea wala kula, au pembe za mdomo kubaki juu kwa zaidi ya sekunde moja, ambayo ni picha 25 na inahesabika. Saa ya mchezo ikae kwenye kona ya skrini wakati wote, na iwe ya kweli. Mkata picha akichukua uso wa dakika nyingine, saa itaruka na kila mtu ataona.

Na saa ya mwisho irushwe nzima bila kukatwa, nyuso zote zikiwa kwenye vijisanduku vya skrini moja, hata kama ni saa saba usiku wakati matangazo ya biashara yamekwisha. Gharama yake ni ndogo, kwa sababu picha hizo zipo tayari na hakuna anayelipwa kuzikata. Anayeamini kwamba mshindi alipangwa apewe dakika hizo 60 azitazame mwenyewe, arudishe nyuma, ahesabu.

Wako,
Wakata picha na mafundi sauti,
Kinondoni, Dar es Salaam